Bakuli la Mama Mwenye Mimba: Tulishika Pemba, Tukaacha Bakuli



Katika vitabu vya mila kama hiki chetu, mara nyingi tunasifu. Tunasifu ngoma, tunasifu ndoa ya zamani, tunasifu heshima ya wazee. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini kusifu peke yake hakutoshi. Mila ni sawa na mbegu ya mahindi: kabla ya kupanda, mtu anachambua. Iliyotobolewa na wadudu anaiweka pembeni, iliyo nzima anaitia udongoni. Leo tunataka kuchambua neno moja tu, neno tunalolisikia kila siku hapa Lubumbashi: "Mama mwenye mimba kula pemba, ni mila yetu."

Neno hilo lilitufikia ndani ya kilasi. Tulikuwa tunafundisha somo la uzazi kwa wanafunzi wa biolojia na kemia. Msichana mmoja akasimama akasema: "Mwalimu, dada yangu iko na mimba, anakulaka pemba asubui na mangaribi. Munganga alimukataza. Lakini mama anasema: acha akule, ni mila ya bankambo. Sasa nani iko na haki?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana jibu kamili hatukuwa nalo. Upande wa biolojia tulijua la kusema. Upande wa mila tulinyamaza. Tulipita ISP, tukapata diploma, lakini hakuna aliyetufundisha kuuliza kama kila kinachoitwa mila ni mila kweli.

Miezi ikapita, yule dada akazaa. Habari tulizipata kwa mwanafunzi mwenyewe: damu ilikuwa imempunguka sana, ndugu walizunguka usiku mzima kutafuta mtu wa kumtolea damu, na mtoto akazaliwa mdogo, hata kilo mbili hazikutimia. Wote wawili wako hai, tunamshukuru Mungu. Hatusemi kwamba ni pemba peke yake iliyoleta hayo. Hakuna mtu aliyepima. Lakini swali la yule binti lilibaki kwetu kama deni, na maandiko haya ndiyo malipo yake.

1. Sanamu ya mama na bakuli

Tulianza kwa kujiuliza: katika urithi wetu, ni wapi pemba, mwanamke na mimba vinakutana? Mahali hapo pako. Ni ile sanamu ya Waluba ya mwanamke aliyeshika bakuli mbele yake kwa mikono miwili, ambayo inaitwa mboko. Jina hilo ni lile lile la kibuyu cha mganga wa kupiga ramli. Sanamu hizo ni nyingi, ziko katika majumba ya makumbusho ya dunia nzima. Ile inayojulikana kupita zote inatoka upande wa Buli, kaskazini ya Katanga ya zamani, na leo iko Tervuren, kule Ubelgiji. Mtaalamu Frans Olbrechts ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1930, kwamba sanamu kadhaa zilizotawanyika Ulaya zilifanana kwa namna moja: uso mrefu, mashavu yaliyoingia ndani, mikono mikubwa. Akasema hizo ni za mkono mmoja au za karakana moja. Baadaye kazi hiyo ikahusishwa na jina la fundi Ngongo ya Chintu.

Mwangalie yule mama wa Buli katika picha. Si msichana wa kupendeza wa matangazo ya sabuni. Uso wake umechoka, umekonda. Amekaa sawa mtu aliyebeba kitu kizito kwa muda mrefu. Lakini mikono yake haitetemeki. Bakuli analishika kama mtu anayesema: hiki ninachokishika si changu peke yangu.

Wazungu wa kwanza walioandika juu yake walimwita "mwombaji". Walieleza kwamba mwanamke wa Kiluba aliyekaribia kuzaa alikuwa anaweka sanamu hiyo mbele ya mlango wa nyumba yake, na wapita njia wanatia zawadi ndani ya bakuli, ili apate msaada katika siku ambazo hawezi kulima wala kuteka maji. Baadaye watafiti wengine walikosoa maelezo hayo. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, katika kitabu chao cha mwaka 1996 juu ya sanaa ya Waluba na kumbukumbu, walionyesha kwamba mboko ni kwanza chombo cha wafalme na cha mganga wa ramli, kilumbu. Yule mwanamke anasimama kwa ajili ya bibi wa roho inayomshika mganga, na ndani ya bakuli inawekwa pemba, ule udongo mweupe, ambao ni alama ya usafi, ya mwezi unaoangaza, ya neema ya mizimu.

Wengi wanafikiri lazima tuchague: ama mama mwenye mimba, ama mganga. Sisi tunaona neno "mwombaji" ndilo baya kupita yote, maana mwombaji ni mtu anayenyoosha mkono mtupu. Mwanamke huyu hanyooshi mkono. Anashika bakuli, na bakuli linabeba kitu. Kama ni bakuli la mganga, linabeba baraka ambayo kila mtu aliyekuja anapata sehemu. Kama ni bakuli la mama anayekaribia kuzaa, linabeba kile ambacho jamaa wanadaiwa. Kwa njia zote mbili, fundi aliyechonga alitaka tuelewe kwamba mwili wa mwanamke unachukua maisha ya kijiji kizima, na kijiji hakina haki ya kupita pembeni bila kutia kitu.

2. Pemba mkononi, pemba mdomoni

Sasa turudi kwa neno letu la soko. Katika mila hiyo ya Waluba, pemba inafanya kazi gani? Inapakwa. Mfalme anapakwa, mganga anajipaka, mtu aliyepona au aliyetoka katika hatari anapakwa. Weupe wake unasema kwa macho ya wote: huyu ameingia katika hali nyingine, mumheshimu, mumlinde. Hatusemi kwamba hakuna nkambo hata mmoja aliyewahi kulamba udongo. Kula udongo ni jambo la kale, liko katika mabara mengi, na hata kichuguu cha mchwa watu walikikula. Tunasema hivi: tendo la mila lina kipimo chake, lina siku yake, lina mtu anayeliongoza.

Tembea leo katika soko la Kenya, ile komini yetu, au katika soko la Katuba. Utaona pemba imepangwa kwa mafungu madogo kando ya kalanga na chumvi. Hakuna mganga, hakuna mwezi, hakuna baraka. Kuko bei tu. Mama ananunua, anatia ndani ya kibeti, anakula ndani ya basi, anakula ofisini, anakula usiku. Muuzaji mwenyewe ukimuuliza ilichimbwa wapi, atakujibu: "Kule ku kilima, mwalimu, mi siyue." Hiyo si mila tena. Hiyo ni bidhaa iliyovaa nguo ya mila.

Na hapa ndipo ukosoaji wetu unapouma. Mambo mawili yalikuwa pamoja: pemba na bakuli, yaani alama na wajibu. Sisi tulishika pemba, tukaitoa katika bakuli, tukaitia mdomoni. Na bakuli lenyewe, lile ambalo jamaa walipaswa kutia kitu, tukaliacha kwa Wazungu walitie ndani ya kioo.

3. Mtoto anajengwa namna gani

Ili tujue hatari iko wapi, tufuate kidogo mtoto tumboni, kama tunavyofanya ubaoni.

Mbegu ya baba na yai la mama vikikutana, kazi inaanza bila kelele. Siku ya 22 hivi, moyo unaanza kupiga. Mnamo siku ya 28, mfereji ambao utakuwa ubongo na uti wa mgongo unakuwa umefungwa. Usipofungwa vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Fikirini: siku 28! Wakati huo wamama wengi bado wanasema, "Pengine mwezi umechelewa tu." Ni juu ya hiyo asidi foliki inatakiwa hata kabla ya mimba na katika miezi ya kwanza. Mpaka mwisho wa juma la 8, mashina ya viungo vyote makubwa yamekwisha kuwekwa: moyo, maini, figo, mikono, miguu, macho. Kinachobaki ni kukua na kukomaa.

Tukihesabu sasa kama wauguzi, yaani tangu siku ya kwanza ya damu ya mwisho ya mwezi, mtoto wa majuma 20 ana gramu 300 hivi, na mama amekwisha kusikia anacheza au yuko karibu kumsikia. Majuma 28, anakaribia kilo moja. Majuma 40, anafika kilo tatu hivi. Anayezaliwa chini ya gramu 2500 anahesabiwa kuwa na uzito mdogo, na ana hatari zaidi katika siku za kwanza za maisha.

Vitu hivyo vyote vinapita katika kondo, ile inayotoka nyuma ya mtoto. Kondo ni kama soko la mpakani: damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki, lakini mizigo inavuka. Hewa inavuka, sukari inavuka, feri inavuka. Shida ni kwamba mlinzi wa mpaka huyo si mkali vya kutosha. Pombe inavuka. Sumu ya tumbaku inavuka. Risasi, ile madini tumezoea kuiita plombi, inavuka vilevile.

4. Pemba ndani ya mwili

Tuwe wa haki. Mama anayekula pemba si mjinga. Anasema inamtuliza kichefuchefu, na ni kweli kwamba wengi wanasikia nafuu. Udongo mweupe wa namna hiyo, kaolini, ulikuwa hata dawa ya kuharisha. Tena kuko jambo ambalo wengi hawalijui: mara nyingi mwenye hamu kubwa ya udongo ni yule ambaye damu yake imekwisha kupunguka. Hamu inaweza kuwa ni kilio cha mwili unaokosa feri.

Lakini kilio si dawa. Mimba nzima inamdai mama gramu moja hivi ya feri, kwa damu yake iliyoongezeka, kwa kondo na kwa mtoto, ambaye anaweka akiba yake zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Udongo ukikutana na feri ya chakula ndani ya tumbo unaweza kuishika, na ikatoka nayo bure. Ndiyo duara mbaya: damu inapunguka, hamu inakuja, mama anakula pemba, feri inashikwa, damu inapunguka zaidi. Tena choo kinakauka, na udongo uliochimbwa mahali pachafu unaweza kuleta mayai ya minyoo.

Halafu kuko plombi. Udongo huu wa kula unauzwa hata katika maduka ya Waafrika kule Ulaya. Wakaguzi wa chakula wa Uingereza na wa Uholanzi walipoupima, walikuta plombi ndani, wakawaonya wanawake wenye mimba wasiule. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha plombi kinachojulikana kuwa salama. Inajificha ndani ya mifupa ya mama, na wakati wa mimba, mwili unapotafuta kalisi ya kumjenga mtoto, plombi inatoka nayo pamoja na kwenda kwenye ubongo unaojengwa. Mtoto anazaliwa mzuri wa sura. Hasara tutaiona baadaye, kwenye benchi la masomo, katika kilasi chetu.

Na sisi watu wa Katanga tuko na sababu ya kuogopa mara mbili. Mwaka 1911 shaba ilianza kuyeyushwa hapa Lubumbashi, na moshi ulianguka juu ya udongo wetu miaka na miaka. Udongo usiojulikana ulipochimbwa, katika nchi ya migodi, mama mwenye mimba asiutie mdomoni.

5. Miiko mingine: tuchambue

Mtu atatuuliza: basi tutupe miiko yote? Hapana. Tuichukue mmoja mmoja.

Wazee walisema mwenye mimba asibebeshwe mizigo mizito, asigombezwe, asilale na njaa, asiachwe peke yake siku zikikaribia. Katika hayo hatuoni cha kukosoa. Ni hekima, na daktari anasema vilevile.

Wazee wengine walisema mwenye mimba asikule mayai, juu mtoto atakuwa mwizi au atazaliwa bila nywele. Huu mwiko ni kutoboka kwa mbegu. Yai lina nguvu ya kujenga mwili, ni jepesi kupika, tena bei yake ni chini ya nyama. Tukiangalia vizuri ni nani aliyebaki anakula hayo mayai, tutaona mara nyingi ni baba na wageni. Mwiko unaomnyima mnyonge chakula na kumwachia mwenye nguvu, tuutilie mashaka kabla ya kuusifu.

Kuko na dawa za mizizi za kuharakisha uchungu. Hapa hatuchezi. Nyingine zina nguvu kweli, na hiyo nguvu ndiyo hatari: tumbo la uzazi linaminywa bila kipimo, mtoto anakosa hewa, na kizazi kinaweza kupasuka. Mkunga wa zamani alijua mengi, lakini hakuwa na njia ya kurudisha damu iliyomwagika. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba katika nchi yetu wamama 846 walikufa kwa kila watoto 100 000 waliozaliwa hai. Damu kumwagika ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo hivyo. Mama anayefika kwenye siku yake akiwa damu imekwisha kupunguka, hana akiba ya kupoteza.

6. Baba yuko wapi?

Mtoto akizaliwa na kasoro, katika jamaa zetu swali la kwanza ni: "Mama yake alikula nini? Alikosea nani?" Tumelisikia hata kwenye matanga ya watoto wachanga, mbele ya mama ambaye maziwa bado yanamtoka. Ni ukatili, na tena ni uongo.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi walioufanya hapa mjini kwetu. Walilinganisha watoto waliozaliwa na kasoro zinazoonekana na watoto waliozaliwa bila kasoro. Jambo lililohusiana na kasoro kupita mengine yote lilikuwa kazi ya baba katika mambo ya migodi. Tusome vizuri: uchunguzi wa namna hiyo unaonyesha uhusiano, hauwezi kusema juu ya mtoto huyu mmoja kwamba ni kwa sababu ya kazi ile. Lakini unatosha kufunga vinywa vya wanaomhukumu mama peke yake. Baba anayerudi na vumbi la mgodi katika nguo, akamkumbatia bibi yake, akampa nguo azifue kwa mikono, yeye pia ameingia katika historia ya hiyo mimba.

Mila ya zamani haikuwa imemsahau baba. Mahali pengi naye alikuwa na miiko yake wakati bibi yake ana mimba: asifanye hili, asiende kule. Sisi tumeshika miiko ya mama, ya baba tumeiacha ipotee. Tuirudishe kwa namna ya leo: nguo za kazi zibaki nje na baba azifue mwenyewe, anawe kabla ya kuingia, asivutie tumbako ndani ya nyumba, aende na bibi yake kwenye CPN angalau mara moja asikie kwa masikio yake.

7. Turudishe bakuli

Kama tunataka kweli kuwa watu wa mila, tuulize: leo ndani ya bakuli tutie nini?

Tutie pesa ya njia. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonane na wauguzi mara 8 katika mimba moja, mara ya kwanza kabla ya juma la 12 kuisha. Mwaka 2023 serikali yetu ilianzisha mpango wa kuzaa bila malipo, ikianzia Kinshasa. Ni jambo la kushukuru, lakini hata pale muuguzi asipodai kitu, pikipiki inadai.

Tutie vidonge vya feri na asidi foliki, na tumsindikize mama avimeze kila siku, hata kama choo kinakuwa cheusi na watu wanamtisha. Asivimeze na chai, maana chai inazuia feri. Avimeze na maji, na akipata chungwa au ndimu, vizuri zaidi.

Tutie chandarua chenye dawa, na tumkumbushe kwamba kuanzia mwezi wa nne atapewa kwenye CPN vidonge vya kuzuia malaria, angalau mara tatu, kila mara mwezi ukipita. Malaria inajificha katika kondo na kumnyima mtoto chakula, hata kama mama hasikii homa.

Tutie samaki wadogo, maharagi, lengalenga, sombe, na ndiyo, mayai. Bukari peke yake inajaza tumbo, haijengi mtoto.

Na yule aliyezoea pemba? Tusimfokee. Kumtia haya kutamfanya ale kwa siri. Tumpeleke apimwe damu. Kama iko chini ya gramu 11, tumsaidie ipande, na mara nyingi hamu itapunguka yenyewe. Kama anatafuta kitu cha kutuliza kichefuchefu, ajaribu kula kidogo kidogo mara nyingi, atafune tangawizi kidogo, asubuhi ale kitu kikavu kabla ya kuamka kitandani.

Hizi si kazi za daktari. Ni kazi za likelemba, za kwaya, za jamaa wa avenue, na za ushirika wetu wa utamaduni. Katika sikukuu zetu tunapenda kuonyesha nakala ya yule mama wa Buli, tunapiga naye picha. Tunapendekeza hivi: katika sikukuu ijayo, bakuli lake lisikae tupu. Kila anayepita atie kitu, na kitakachopatikana kiende kwa wamama wenye mimba wa mtaa wetu wasio na msaada. Hapo tutaweza kusema bila haya kwamba tunalinda mila.

Yule mwanafunzi wetu bado anakuja kutusalimu. Juzi alituletea habari kwamba dada yake ana mimba nyingine. Tukamwuliza: "Na pemba?" Akatujibu: "Aliacha, mwalimu. Lakini CPN haijaenda bado, hana pesa ya moto."

Tulitafuta mifukoni. Tulikuwa na kidogo, tukakitia mkononi mwake. Kabla hajafika kwenye barabara tulielewa kwamba jibu la swali lake la kilasi lilikuwa hilo. Munganga alikuwa na haki juu ya pemba. Mama naye alikuwa na haki kwamba kuko mila ya bankambo. Ila mila yenyewe ilikuwa bakuli.